Mkalimani Anaposema "Mimi"

Katika vyumba vya mahojiano vya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, kuna kanuni moja ya ukalimani ambayo mgeni huishangaa siku ya kwanza. Mkalimani hasemi "anasema walimchomea nyumba." Anasema "walinichomea nyumba." Bibi kizee wa Kibembe kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, akilia, mkalimani haelezi kwamba bibi analia. Anangoja, kisha anaendelea palepale alipoishia: "Nilimwacha mwanangu wa mwisho njiani, nikakimbia." Kanuni hiyo ina sababu nzuri, maana afisa anayeandika anapata maneno ya mhusika mwenyewe bila mtu wa kati kuyapunguza makali. Lakini hebu piga hesabu ya siku nzima: mahojiano manne, pengine matano, na katika kila moja ni mtu yuleyule anayesema mimi, mimi, mimi.

Niliwahi kukaa upande wa meza wa anayeandika. Mkalimani wetu tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha darasa la nne kambini kabla ya kuja kwetu. Naye alikuwa mkimbizi, naye alitokea Fizi. Mchana mmoja nilimkuta kwenye benchi la nje, sahani ya wali na maharage haijaguswa, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya gunia la mkaa: "Dada, leo nimeshafiwa na watoto watatu, na saa nane nina mwingine." Nilicheka. Nilidhani ni utani wa kazini, maana tulikuwa na utani mwingi wa namna hiyo. Yeye hakucheka.

Wiki chache baadaye mwajiri wetu alileta mnasihi kutoka Dar es Salaam kwa siku mbili. Orodha ya watakaoonana naye ikabandikwa mlangoni. Mwalimu hakuwamo. Tulipouliza, tukaambiwa yeye si mfanyakazi, ni mtu wa posho.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nianze kufuatilia jambo ambalo kwenye mikutano huonekana jepesi: nani anamhudumia anayehudumia? Jibu la haraka ni kwamba siku hizi mashirika yana huduma za afya ya akili kwa watu wao. Ni kweli yanazo. Ila huduma hizo zimefungwa kwa mafundo kadhaa, na usipoyatenganisha utaishia kumpa mtu aliyevunjika mguu dawa ya mafua.

Fundo la kwanza ni neno lenyewe. Mfanyakazi wa misaada ukimuuliza ana nini, atakwambia ana stresi. Neno hilo limekuwa kapu: ripoti ya mfadhili iliyochelewa imo, maiti za mtoni zimo, bosi mwenye kelele yumo. Hali zilizomo ndani ya kapu hilo, hata hivyo, hazifanani.

Kuna uchovu uliopitiliza wa kazi. Shirika la Afya Duniani liliufafanua mwaka 2019 kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, na likasisitiza kwamba wenyewe si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu zimekwisha, mtu ameichoka kazi yake mpaka anaibeza, na anajiona hafanyi lolote la maana. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko yaliyofuatia azma ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu walijazana kwa maelfu Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Njia ilikuwa maji, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Kipindupindu kikaingia katikati ya msongamano ule. Mhudumu anayetundika dripu usiku kucha katika hali kama hiyo hahitaji kwanza kuulizwa utoto wake ulikuwaje. Anahitaji mwenzake wa kumpokea zamu, godoro, na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia nenda kalale.

Kiwewe ni kitu kingine. Hiki hutokana na tukio lililomfika mtu mwenyewe, akaona mauti uso kwa uso. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliivamia hospitali moja mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, wakamuua Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa katika mapambano dhidi ya Ebola. Kwa waliokuwa jengoni siku ile, tatizo halikuwa uchovu, na likizo ya wiki mbili haiondoi mwili unaoruka kila mlango unapogongwa. Wengi hupona wenyewe wakipewa usalama na muda. Wachache hawaponi: ndoto zinarudi, usingizi unakimbia, njia ya kazini inabadilishwa ili mtu asipite pale pahala. Hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi inahitaji mtaalamu.

Kisha kuna kiwewe cha kupokea, kile cha Mwalimu. Hakupigwa yeye, hakuchomewa yeye, angalau si siku hiyo. Habari zimeingia kupitia masikioni na kutokea mdomoni, na njiani zimeacha masizi. Kwa mtu ambaye naye alitoka kijiji cha jirani na cha msimuliaji, mpaka kati ya hadithi ya mwingine na yake ni mwembamba kama karatasi ya kusokotea sigara.

Na kuna lile ambalo mimi naliona zito kuliko yote, ingawa kwenye fomu halina kisanduku chake: kidonda cha dhamiri. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokatika, mgao wa chakula ulishuka, kaya zikapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na nyingine zikaachwa nje. Uamuzi ulipitishwa mbali, lakini kuna mtu aliyeshika kipaza sauti akautangaza, na kuna mwingine aliyesimama mlangoni akimwambia mama mwenye watoto watano kwamba jina lake halimo. Huyo haumwi hofu. Anaumwa aibu. Ukimpeleka kwenye mazoezi ya kuvuta pumzi atavuta pumzi vizuri tu, na aibu itabaki palepale.

Chini ya yote hayo hukaa sonona na wasiwasi uliopitiliza, ambavyo ni maradhi kama maradhi mengine, yenye tiba, na yanaweza kumpata hata mtu anayefanya kazi ofisini akihesabu mablanketi.

Sasa tuje kwenye takwimu, maana watu wa miradi hawaamini kitu mpaka kiwe na asilimia. Mwaka 2012 zilichapishwa tafiti mbili ambazo napenda kuziweka mezani pamoja. Moja iliwafuata wafanyakazi wa kimataifa 212 tangu kabla ya kusafiri hadi baada ya kurudi. Wenye dalili za wasiwasi walipanda kutoka asilimia 3.8 hadi 11.8, na wenye dalili za sonona kutoka 10.4 hadi 19.5. Nyingine ilifanyika kaskazini mwa Uganda, miongoni mwa Waganda 376 walioajiriwa na mashirika 21 baada ya miaka mingi ya vita vya kundi la waasi la Lord's Resistance Army. Humo, asilimia 68 walikuwa na dalili za kiwango cha hatari ya sonona, 53 za wasiwasi, na 26 za msongo baada ya kiwewe. Zaidi ya nusu walikuwa wamepitia matukio ya kutisha ya aina tano au zaidi, na wanawake waliumia kuliko wanaume.

Tafiti hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Ni watu tofauti na mahali tofauti, na dalili kwenye dodoso si sawa na daktari kusema unaumwa. Hata ukipunguza chumvi yote hiyo, bado kuna jambo linalokutazama usoni. Mgeni alikwenda kwenye janga, akaumia, akarudi kwao. Mwenyeji hakwenda kokote, kwa sababu janga ndilo lililomkuta nyumbani kwake, na ajira ikaja baadaye.

Mgeni aliyeko Goma, mashariki mwa Kongo, mambo yakimzidi hupanda ndege. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipouteka mji huo, wafanyakazi wengi wa misaada wa Goma walikuwa kwa wakati mmoja watoa huduma na watu wanaohitaji huduma: wanatafuta maji ya watoto wao asubuhi, mchana wanaandikisha watu wanaotafuta maji. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa yapo mapumziko rasmi ya nje ya kituo kwa walio kwenye vituo vigumu, kila baada ya wiki kadhaa. Yametengwa kwa ajili ya walioajiriwa kimataifa. Mantiki yake ni kwamba mwenyeji yuko kwao, hivyo hana pa kupumzika mbali na kwao. Kwenye karatasi inaingia akilini. Ukiwa mwenyeji umeketi mjini Bunia, Kongo, usiku na milio ya risasi inasikika, haiingii.

Halafu kuna jirani. Mwenyeji mwenye kitambulisho cha shirika shingoni ni mtoto wa watu. Akirudi jioni anakuta mjomba, shemeji na rafiki wa darasa la saba wakimngoja barazani, kila mmoja akitaka jina lake liingizwe kwenye orodha. Akikataa, ameota mapembe. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyodumu tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200, vijana wa timu za maziko walioitwa watu wa riposte, neno la Kifaransa la kukabiliana na mlipuko, walishutumiwa mitaani mwao wenyewe kwamba wanakula pesa za ugonjwa. Mgeni akitukanwa, hutukanwa na watu asiowajua. Hawa walitukanwa na majirani waliokuwa wakichota nao maji.

Mashirika yanajibu nini? Kwa kawaida ni namba ya simu. Unapewa kadi yenye namba ya huduma ya ushauri nasaha, saa 24, siri imehakikishwa. Siidharau, imewasaidia watu ninaowafahamu. Lakini nimewahi kukaa na mwenzangu aliyeipiga, dereva wa miaka mingi, baada ya gari lake kushambuliwa kwa mawe. Upande wa pili akapokelewa kwa Kiingereza. Akaomba Kiswahili, akaambiwa angoje, muziki ukapigwa. Salio halikukatwa, hilo tushukuru. Baada ya dakika kumi hivi akakata simu mwenyewe, akasema, "Hawa nao wana shida zao."

Jibu la pili, la kale kidogo, ni kikao cha kumwaga yote. Tukio likitokea leo, kesho watu wote wanakalishwa chumba kimoja na kila mtu anasimulia alichokiona, kwa undani. Mtindo huo ulienezwa na Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyeandika kuuhusu mwaka 1983 akiwalenga wazimamoto na watu wa gari la wagonjwa, na ulitapakaa duniani kabla haujapimwa ipasavyo. Ulipopimwa, mambo yakageuka: mapitio ya tafiti ya mwaka 2002 hayakuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia msongo baada ya kiwewe, na kulikuwa na ishara kwamba kwa baadhi ya watu kinaongeza madhara. Shirika la Afya Duniani haliupendekezi. Pamoja na hayo, ukizunguka kambini bado utaukuta, kwa kuwa unaonekana ni wa busara na kwa kuwa ni rahisi kuuandikia ripoti: watu 23 wamehudhuria.

Uliopendekezwa badala yake unaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mwongozo wake ulitolewa mwaka 2011. Ni mambo ambayo bibi yangu angeyaita utu tu. Tazama kama mtu yuko salama na anahitaji nini. Sikiliza, bila kumchimba asimulie. Muunganishe na watu wake na huduma anazohitaji. Chai, shuka, simu ya kumpigia mke. Atakayetaka kuongea aongee, atakayetaka kunyamaza anyamaze. Si tiba, wala haidai kuwa tiba.

Kwa watakaohitaji zaidi, si lazima kila mmoja apate daktari bingwa, na ni heri, maana mabingwa wa akili katika nchi zetu ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano vya kumsaidia mtu kudhibiti msongo na kutatua matatizo yake hatua kwa hatua, unaoendeshwa na watu wasio wataalamu waliofunzwa na kusimamiwa. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, waendeshaji wakiwa wahudumu wa afya ya jamii. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha waliopata vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida. Haukuwalenga watoa misaada. Lakini ikiwa mhudumu wa afya ya jamii anaweza kufunzwa kumsaidia mama wa mtaani, sioni kinachozuia wakalimani na madereva kufunzwa kusaidiana.

Fundo jingine ni siri. Mnasihi aliyelipwa na mwajiri, anayelala nyumba ya wageni ileile ya meneja na kula naye meza moja, hata awe mwaminifu kiasi gani, watu watamwambia wanaendelea vizuri. Mikataba yetu ni ya miezi sita, mwaka ukibahatika. Nani ataandika kwenye fomu kwamba halali usiku, wakati Novemba kuna orodha ya watakaoongezewa muda? Juu yake kuna maneno ya mitaani. Tanzania, mtu akionekana amechanganyikiwa anaambiwa aende Mirembe; Kenya, anaambiwa aende Mathari. Hospitali za akili zenye kazi ya heshima zimegeuzwa matusi. Kenya ilikuwa ni kosa la jinai kujaribu kujiua mpaka tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kumwambia mnasihi jambo hilo alikuwa anataja kosa.

Ni wajibu wa nani, basi? Hapa watu hudhani tunazungumzia hisani. Mwaka 2007 kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada duniani, ijulikanayo kama IASC, ilitoa mwongozo wa afya ya akili katika dharura, na ndani yake kuna sehemu nzima kuhusu wafanyakazi pamoja na watu wa kujitolea. Mwongozo, hata hivyo, haukamati mtu. Kilichowashtua waajiri ni kesi. Tarehe 29 Juni 2012, msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norway ulishambuliwa katika kambi ya Ifo 2, Dadaab, Kenya. Dereva Mkenya aliuawa, wafanyakazi wanne walitekwa wakavushwa hadi Somalia, wakaokolewa siku ya nne. Mmoja wao, Mkanada Steve Dennis, alilishtaki shirika hilo Oslo. Novemba 2015 mahakama iliamua kwamba mwajiri alifanya uzembe mkubwa: hatari ya utekaji ilikuwa inajulikana, na hatua ambazo zingeweza kuipunguza hazikuchukuliwa. Akapewa fidia ya kroni za Norway takriban milioni 4.4, na madhara ya kisaikolojia yakahesabiwa kama madhara, sawa na jeraha la risasi.

Tangu hapo wajibu wa kumlinda mfanyakazi ukawa wimbo wa kila makao makuu. Ila mdai alikuwa Mkanada na mahakama ilikuwa ya Norway. Aliyeajiriwa Garissa kwa mkataba wa miezi sita, akili yake ikiachwa pale barabarani, ataanzia mahakama ipi na nauli atapewa na nani?

Mwaka 2025 ulileta sura nyingine. Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na miradi ikafungwa kwa barua pepe, mingine ndani ya wiki. Watu waliokuwa na miaka kumi ya habari za wengine vichwani walirudi Kibondo, Lodwar na Gulu bila kazi, na kadi ya ushauri nasaha ikafa siku ile ile bima ilipokufa. Kiwewe hakijui tarehe ya mwisho wa mkataba. Wakati mwingine ndipo kinapoanza: kazi ilikuwa inakizuia, kama jiwe juu ya mfuniko wa sufuria.

Jamaa anayeingia kwenye kazi hizi akiniuliza, siku hizi namwambia aulize maswali machache kabla hajasaini. Mnasihi analipwa na nani, na ripoti yake inasomwa na nani? Anazungumza lugha gani? Huduma inaendelea miezi mingapi baada ya mkataba kwisha? Nikiugua akili, siku za ugonjwa zinahesabiwa kama za malaria? Mengi ya hayo idara ya rasilimali watu hujibu papo hapo, wakati mwingine kwa fahari.

Lipo swali moja ambalo nalo namwomba aliulize, hata kama halimhusu: mkalimani wa posho, naye yumo? Wengi waliolipeleka wameniletea jibu lenye namna moja. Anayeulizwa hunyamaza kidogo, kisha anaanza kupekua karatasi zake.